Chawa kichwani mwa mtoto: siku 17 za kuwamaliza

Mara nyingi chawa wanaorudi wiki moja baada ya dawa hawakuletwa na mtoto wa jirani. Walikuwa palepale kichwani, ndani ya mayai. Mzazi alipaka dawa Jumamosi, waliokuwa wakitembea wakafa, nyumba ikapumua. Jumamosi iliyofuata mayai yameshaanguliwa na mtoto anajikuna tena. Ndiyo maana mwongozo huu tumeupanga kwa kalenda kwanza, dawa baadaye. Ukishika tarehe, hata kitana na kondishena vinaweza kutosha. Usiposhika tarehe, dawa ya bei kubwa nayo itakuangusha.

Mdudu mwenyewe

Chawa aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, sawa na punje ya ufuta. Ana miguu sita yenye kucha zinazokumbatia unywele. Hana mbawa na hawezi kuruka, anatambaa tu. Hupita kichwa kwa kichwa watoto wanapolala kitanda kimoja, wanapobanana kwenye simu moja, au dada anapomlaza mdogo wake mapajani amsuke. Hunyonya damu mara kadhaa kwa siku, na akitoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili.

Jike hutaga mayai 6 hadi 8 kwa siku na kuyagandisha kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ambako kuna joto. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Kitoto kinachotoka kinahitaji siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa na kuanza kutaga. Hesabu hiyo ndiyo silaha yako: kila anayeanguliwa umkamate kabla hajataga.

Usimpige mtoto wala kumwaibisha. Chawa wa kichwani hachagui kichwa kichafu, na kuoga kila siku hakumwondoi, kwa sababu akilowa hung'ang'ania unywele na kutulia. Wengi humchanganya na chawa wa nguo, anayeishi kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa na kupanda mwilini kula tu. Huyo ndiye anayebeba tifasi, ugonjwa uliosambaa Burundi katika miaka ya 1990 kwenye kambi za waliokimbia vita na magerezani. Chawa wa kichwani hajulikani kueneza ugonjwa huo. Madhara yake ni muwasho, kukosa usingizi, na vidonda vya kujikuna vinavyoweza kuingiwa na vijidudu.

Hakikisha ni chawa kweli

Muwasho peke yake hautoshi. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, kwa sababu ngozi huchukua muda kuanza kuchukia mate ya mdudu. Na kuna anayejikuna kwa sababu ya mba au mapunye. Mapunye huacha mabaka yaliyopukutika nywele, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Mkalishe mtoto dirishani mchana, au washa tochi ya simu. Anza nyuma ya masikio, kisha kisogoni pale nywele zinapoishia, halafu utosini. Kwenye nywele kavu chawa hukimbia mwanga na utamkosa, kwa hiyo lowesha nywele na upake kondishena kabla ya kutafuta.

Yai lina umbo la tone dogo, limegandishwa upande mmoja wa unywele. Libane kwa kucha mbili ulivute. Mba huteleza na kupukutika. Yai hukataa, na inabidi ulikokote mpaka kwenye ncha. Lenye uhai lina rangi ya kahawia na huwa karibu na ngozi, ndani ya milimita 6, ndiyo maana kwenye nywele nyeusi ni gumu kuliona. Yale meupe yanayong'aa kwa mbali ni maganda matupu. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ganda lililoko sentimita 2 kutoka kwenye ngozi lina kama miezi miwili pale. Halihitaji dawa.

Kanuni yetu: dawa ni kwa kichwa kilichoonekana chawa hai. Ukikuta mayai tu karibu na ngozi, chana leo na urudie baada ya siku nne.

Siku hiyohiyo kagua kila anayelala nyumbani: baba, bibi, dada wa kazi, mtoto mchanga. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wamemwona mdudu mwenyewe, anayevunjwa kwa kucha mbili za gumba. Na nyumba ndivyo ilivyo. Ukitibu mmoja na kuacha mwenye chawa kitanda kimoja naye, umepoteza Jumamosi yako.

Kunyoa

Kunyoa kipara huondoa chawa na mayai kwa mkupuo mmoja, bila dawa. Kwa mvulana mdogo, au shule inayotaka nywele fupi, ni njia nzuri. Lakini ni lazima wembe au mashine ifike kwenye ngozi, kwa sababu mayai hai yako hapohapo shinani. Kupunguza tu hakutoshi, ingawa hurahisisha kuchana. Kila mtoto na wembe wake mpya. Mashine isafishwe kwa spiriti kabla ya kichwa kingine, maana vifaa vya kunyolea hupitisha mapunye, na mkwaruzo wenye damu unaweza kupitisha virusi vya homa ya ini.

Msichana asiyetaka kunyolewa usimlazimishe. Chawa wanaisha bila hilo, na aibu ya kunyolewa kwa nguvu inakaa muda mrefu kuliko chawa.

Misuko ifumuliwe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu msuko umelipiwa na bado haujamaliza wiki. Hakuna dawa inayofika vizuri chini ya matuta, rasta au nywele za kushonea, na kitana hakipiti. Fumua yote. Nywele za bandia ziweke kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kwa wiki 2, au uzitupe. Usimsuke tena kwa nywele za kuongezea mpaka siku ya 17. Katikati ya hapo mabutu manne yasiyobana yanatosha, yafunguliwe kila siku ya kuchana.

Kuchana: kazi yenyewe

Andaa kitana cha chawa cha meno ya chuma, chanuo la meno mapana, vibanio, tishu nyeupe, taulo, na kondishena ya kawaida isiyopungua mililita 100 kwa kichwa chenye nywele nene. Vitana vya plastiki huachama vikikutana na nywele nzito. Kabla ya kununua, kiinue juu kwenye mwanga: meno yawe yamenyooka, na uzi wa kushonea upite katikati yake kwa kubanwa. Ukipita kwa uhuru, vitoto vya chawa navyo vitapita.

1. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida, kausha kwa taulo mpaka zisidondoshe maji.
2. Paka kondishena kwa wingi, kutoka kwenye ngozi hadi nchani. Inamfanya chawa apoe kwa muda, na unywele uteleze.
3. Chanua kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani kupanda juu, mpaka pasibaki fundo.
4. Gawa kichwa mafungu manne, bana matatu. Kwenye fungu lililo wazi chukua utepe mwembamba, unene wa sentimita 1 au chini yake.
5. Gusisha meno ya kitana kwenye ngozi, vuta polepole hadi mwisho wa unywele. Futa kitana kwenye tishu, tazama. Rudia utepe uleule mara tatu au nne, kwa juu, kwa chini na kwa pembeni, ndipo uubane na kuchukua mwingine.
6. Ukimaliza kichwa kizima, suuza, kisha pitisha kitana tena haraka juu ya nywele zilizolowa.

Nywele fupi laini zitachukua kama nusu saa. Nywele ndefu zilizojisokota zitachukua saa moja au zaidi, kwa hiyo mpe mtoto cha kufanya na mpumzike katikati.

Kwa nywele za kipilipili kuna namna yake. Vitana vingi vimetengenezwa kwa nywele zilizonyooka, na vikilazimishwa hukata nywele na kumliza mtoto. Punguza utepe uwe nusu sentimita, ongeza kondishena, na unyooshe utepe kwa vidole vya mkono wa kushoto huku kitana kikipita kwa mkono wa kulia. Kikikwama usikivute. Kitoe, chanua tena kwa meno mapana, urudi. Mayai yaliyogoma yatoe kwa kucha, au ukate ule unywele mmoja kwa mkasi mdogo. Siki haiyeyushi gundi ya mayai kwa uhakika, kwa hiyo usiitegemee.

Itazame tishu kwa makini, maana inakuambia ulipofikia. Chawa mkubwa ana rangi ya kijivu au kahawia, na tumboni ana mstari mweusi wa damu aliyonyonya. Kitoto kilichoanguliwa karibuni ni kama kichwa cha pini, karibu kionekane kwa ndani, kisha hugeuka chekundu baada ya mlo wa kwanza. Siku ya kwanza utaona wakubwa kwa wadogo. Kuanzia siku ya 5 unapaswa kuona wadogo tu.

Tarehe ni siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, na ukaguzi siku ya 17. Ukianza Jumamosi ni hivi: Jumamosi, Jumatano, Jumapili, Alhamisi, halafu ukaguzi Jumatatu. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani siku ileile unayoanza. Ukikuta mkubwa siku ya 9 au ya 13, ama ulimruka, ama ametoka kichwa kingine. Hapo kagua tena nyumba nzima na uanze hesabu upya.

Dawa

Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe dawa yoyote; watoe kwa mkono na kitana. Mama mjamzito tunamshauri achane tu, au amuulize daktari kwanza.

Dawa inayotumika zaidi ni permetrini ya asilimia 1, kwa mtoto kuanzia miezi 2. Ni ndugu wa kutengenezwa kiwandani wa sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yaleyale yanayolimwa Iringa, Mbeya, Nakuru na kaskazini mwa Rwanda. Soma kibandiko vizuri: famasi pia huuza permetrini ya asilimia 5, ambayo ni krimu ya upele wa mwilini. Mweleze mfamasia kwamba unataka ya chawa wa kichwani.

Osha nywele kwa shampuu bila kondishena, kwa sababu mafuta ya kondishena huizuia dawa kushika unywele. Kausha kwa taulo zibaki na unyevu tu. Nywele zinazotiririka maji huidhoofisha dawa, na hilo ni kosa la kawaida sana. Mfunike mtoto macho kwa kitambaa kikavu. Paka kuanzia kisogoni na nyuma ya masikio mpaka ngozi yote ilowe. Nywele ndefu nene zinaweza kumaliza chupa mbili za mililita 60. Acha dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia. Suuza akiwa ameinama kwenye beseni, kwa maji ya uvuguvugu, ili dawa isimtiririkie mwilini. Usioshe tena nywele kwa siku mbili.

Baada ya saa 8 hadi 12, chana, safari hii bila kuosha nywele. Ukikuta wachache wanajikokota, dawa inafanya kazi, usiongeze nyingine. Ukikuta wanatembea kwa kasi ileile ya jana, dawa hiyo imeshindwa. Sehemu nyingi duniani chawa wamezoea permetrini, na kupaka dozi ya tatu na ya nne hakutawabadilisha. Rudi famasi uombe dawa ya aina nyingine.

Dozi ya pili ya permetrini ni siku ya 9. Hata kama humwoni chawa, ipake. Dawa haiui mayai yote, na siku hiyo mengi yameshaanguliwa huku hakuna aliyekomaa. Kwa hiyo dawa inaingia Jumamosi na Jumapili ya wiki inayofuata, na kitana kinaendelea kwa tarehe zilezile.

Dimetikoni ya asilimia 4 ni chaguo zuri chawa wanapokuwa sugu, kwa sababu si sumu: inamfunika mdudu na kumziba. Hupakwa kwenye nywele kavu, huachwa saa 8 au usiku kucha, na hurudiwa baada ya siku 7. Inashika moto kwa urahisi. Ikiwa kichwani, mtoto asikaribie jiko, mshumaa, kibatari wala mashine ya kukaushia nywele.

Vidonge vya ivermektini, vilevile vinavyogawiwa kwenye kampeni za matende na usubi, daktari anaweza kuviandika chawa wakigoma. Dozi hupimwa kwa uzito, na mtoto wa chini ya kilo 15 hapewi. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe isimguse mtoto kwa namna yoyote.

Vinavyoua mtoto kabla ya chawa

Mafuta ya taa na petroli. Tunasema wazi kwa sababu bado vinapakwa. Huunguza ngozi ya kichwa, cheche moja ya jiko inatosha kumwasha mtoto, na akiyameza au yakimwingia mapafuni hupata nimonia mbaya ya kemikali. Akiyameza usimtapishe, mkimbize hospitali.

Dawa ya mbu ya kupuliza, dawa ya kuogeshea mifugo na viuatilifu vya shambani ni sumu zilizopimwa kwa matumizi mengine. Ngozi ya kichwa hunyonya, na kichwani penye vidonda hunyonya zaidi. Kufunga mfuko wa plastiki kichwani mwa mtoto aliyelala kunaweza kumziba pumzi.

Mafuta ya nazi si hatari, na hulainisha nywele vizuri kwa kuchana. Lakini chawa anaweza kufunga matundu yake ya kupumulia kwa saa nyingi, na mafuta hayagusi mayai. Yatumie badala ya kondishena, yasiwe badala ya kitana.

Nyumbani na shuleni

Usafi wa nyumba si kazi kubwa, na wala si lazima kupuliza dawa kwenye godoro. Shughulika na vitu vilivyogusa kichwa ndani ya siku mbili zilizopita: foronya, shuka, taulo, kofia, mtandio, ushungi. Vifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, au uvipige pasi ya moto. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wiki 2. Vitana na vibanio viloweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 10. Kila mtoto awe na chanuo lake.

Mtoto hahitaji kukaa nyumbani wiki nzima. Akishapata matibabu ya siku ya 1, aende shule kesho yake, na maganda matupu kichwani yasiwe sababu ya kumrudisha. Mjulishe mwalimu au ustadhi wa madrasa kwa faragha ili wazazi wengine wakague watoto wao. Kwenye bweni, kutibu kitanda kimoja kimoja ni kazi bure: matroni apange siku moja ya kukagua wote, watibiwe wote wenye chawa siku hiyo, na tarehe ya siku ya 9 ibandikwe ukutani.

Mpeleke kituo cha afya

Mpeleke mtoto mwenye vidonda vinavyotoa usaha au magamba ya njano, tezi zilizovimba na kuuma nyuma ya masikio au shingoni, homa, au mabaka yaliyopukutika nywele. Mpeleke pia kama aina mbili za dawa zimetumika kwa usahihi na wakubwa bado wanaonekana. Tezi ndogo zisizouma ni za kawaida kwa aliyejikuna sana, na hupungua chawa wakiisha. Muwasho wenyewe unaweza kuendelea wiki moja au mbili baada ya chawa wa mwisho kufa, hivyo kujikuna tu kusikufanye upake dawa tena. Pakeni kondishena, chaneni, mtazame tishu.

Siku ya 17 chana kichwa kizima kama ulivyofanya siku ya kwanza, utepe kwa utepe. Tishu ikibaki nyeupe, mpeleke kwa msusi.